Gari Lililomrudisha Nakijwa

Kaeni, na aliyesimama mlangoni aingie, maana hii si hadithi ya kulalia. Ni ya kugombania. Niliisimulia Korogwe, chai ikapoa vikombeni watu wakibishana. Niliisimulia Same, mtu na mkewe wakarudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake. Mimi upande sichagui. Nikimaliza nitawauliza swali moja tu, na atakayenijibu haraka nitajua hakusikiliza.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, jina lake Nakijwa, aliyeishi Soni, kule milimani ambako barabara inateremka kwenda Mombo kona baada ya kona. Mama huyu alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na kipaji chake.

Mkubwa, Mbaruku, kipaji chake kilikuwa miguuni. Alikuwa dereva wa malori Tanga. Mpe gari asilolijua, na kabla hajamaliza mtaa mguu wake umeshaelewa klachi inashikia wapi na breki inaanzia wapi. Gari bovu likiendeshwa na Mbaruku, abiria walishuka wakilisifu, kwa sababu kila penye kasoro mguu wake ulifidia.

Wa kati, Mwantumu, kipaji chake kilikuwa machoni. Aliuza spea Korogwe. Mnajua wenyewe, kwetu spea hainunuliwi kwa jina wala kwa namba. Fundi anafungua kilichoharibika, anakifunga kwenye gazeti, anakukabidhi na kukwambia, "Nenda nacho dukani, sampuli hiyo, wakupe cha namna hii." Sasa Mwantumu ukimwekea sampuli mezani, hata kama imeliwa na kutu, aliitazama mara moja, akaingia ndani, akatoka na mwenzake. Hakuwahi kupima kwa rula, na hakuwahi kurudishiwa kitu.

Mdogo wao, Kibwana, kipaji chake kilikuwa mikononi. Alikuwa fundi wa magari Moshi. Chuma kilichogoma kwa wengine, kwake kilikubali. Mafundi wenzake walimpelekea kazi zilizowashinda, naye alizimaliza huku akipiga soga za mpira.

Lakini wote watatu, pamoja na vipaji vyao, walikuwa na upungufu mmoja: mama yao hakuwa nao. Mbaruku alikuwa na chumba nyumbani kwake chenye kitanda kilichotandikwa, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukilalia. Mwantumu alifunga duka jioni, akapika chakula cha watu wawili, akala peke yake, na sahani ya pili akampelekea jirani. Kibwana alikula hotelini miaka yote, na kila hoteli aliyoingia aliagiza makande, akaonja vijiko viwili, akaacha. "Si yenyewe," alikuwa akisema. Kila mmoja alitaka mama aje akae kwake, na kwa jambo hilo walikuwa hawapatani hata kwenye simu.

Naye mama alikuwa na hamu yake mwenyewe, ya zamani kuliko watoto wake.

Nakijwa hakuwa mtu wa Soni. Alikuwa binti wa Gonja, Upareni, kule chini tambarare, binti pekee wa Mzee Mrutu. Miaka thelathini na minne iliyopita alifika pale kijana wa Kisambaa aliyeitwa Shechambo, na pikapu ya bluu, kununua mchele. Akarudi tena kabla mchele wa kwanza haujaisha, na kila mtu akajua alichofuata. Akaposa. Mzee Mrutu akakataa katakata. Ndipo asubuhi moja Nakijwa akapanda ile pikapu mbele ya macho ya baba yake. Mzee alisimama uwanjani akasema, "Ukiondoka na gari hilo, usirudi hapa." Naye akaondoka nalo.

Hakurudi. Alizaa Soni, akalea, akaizoea baridi. Lakini siku za soko akimwona mtu wa Upareni alimuuliza habari za nyumbani, mvua imenyesha, nani kafa, nani kaoa, kisha akarudi kwake na kikapu nusu tupu kwa sababu alisahau alichokuja kununua. Niseme wazi: mama huyu alimtamani baba yake miaka yote hiyo, na miaka yote hiyo alimwogopa.

Mwaka wa ishirini na saba tangu aondoke ukaja ujumbe. Mzee Mrutu alikuwa amezeeka, na hasira yake imezeeka naye. Alisema hivi: "Mwambieni aje. Lakini aje na gari lile lile. Nililiona likiondoka naye, nataka nilione likimrudisha."

Shechambo akaanza kuitengeneza pikapu kwa ajili ya safari hiyo. Hakumaliza. Alifariki, na gari likabaki nyuma ya nyumba juu ya mawe, miaka sita. Watoto wakamwambia mama apande basi, ni mwendo wa siku moja tu. Akakataa.

"Baba yangu ametaja gari," alisema. "Neno lake la kwanza nililivunja. La pili silivunji."

Mzee Mrutu alipotimiza miaka tisini, mama akawaita wote watatu. Akawakalisha chini, akawaambia: "Nyinyi mnagombea nikae kwa nani. Mimi nataka nimwone baba yangu kabla hajafa. Gari hilo hapo nyuma. Atakayenifikisha Gonja ndiye nitakayehamia kwake, nikae mpaka siku yangu."

Basi, kazi ikaanza.

Kibwana alifika na vifaa vyake akalishusha gari kwenye mawe. Injini iliwaka siku ya nne, ikakohoa, ikatulia. Breki ya mkono ilikuwa na waya uliokatika, akauunga. Mwisho kikabaki kitu kidogo kabisa, raba moja ya mviringo iliyo ndani ya pampu ya breki, ile inayosukuma mafuta unapokanyaga. Ya zamani ilikuwa imechoka. Akaichomoa, akaifunga kwenye gazeti, akampa dada yake.

"Dada, sampuli hiyo. Nitafutie ya namna hii."

Mwantumu akaenda nayo dukani kwake. Rafuni alikuwa na raba mbili. Moja ilikuwa kwenye boksi lake, orijino, na jina la waliolitengeneza gari, lakini alipoiweka kando ya sampuli aliiona ndogo kidogo. Ya pili ilikuwa kwenye kifuko cha plastiki, haina jina wala karatasi, haijulikani imetoka wapi, ila ililingana na sampuli barabara. Mwantumu akasita. Akili ilimwambia achukue yenye jina. Lakini jicho lake halikuwahi kukosea, na jicho lilichagua ya pili. Akachukua ya pili.

Kibwana akaipokea. Alipojaribu kuiingiza ndani ya pampu, ikagoma. Fundi wa kawaida hapo angeirudisha dukani na maneno mawili matatu juu ya muuzaji. Kibwana hakuwa fundi wa kawaida. Aliilowesha kwa mafuta ya breki, akaizungusha kwa kidole gumba, akaibembeleza, ikaingia. Akafunga pampu huku akipiga mluzi.

Mbaruku akalijaribu gari barabarani. Alikanyaga breki, gari likasimama vizuri. Alipoinua mguu, pedeli ikarudi kwa uvivu. Dereva wa kawaida angelalamika. Mbaruku akaweka ncha ya kiatu chini ya pedeli, akawa anaisaidia kurudi, na baada ya kona mbili mguu ulishazoea, akasahau. "Gari limelala miaka sita," alijiambia, "litachangamka njiani." Hakumwambia mtu.

Nyie mafundi mnaotazamana huko nyuma, nyamazeni kwanza. Najua mmeshajua. Wenzenu bado.

Siku mbili baadaye, asubuhi, wakaondoka. Mbaruku kwenye usukani, mama katikati amevaa kanga mpya, Kibwana dirishani. Mwantumu alipanda nyuma na mizigo, viazi na kapu la pichesi za kumpelekea babu, akasimama ameshika bomba lililo juu ya paa. Walipopita nyumba za mwisho za Soni mama hakugeuka kutazama nyuma. Alitazama mbele tu.

Mteremko ukaanza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbaruku anakanyaga, anainua, ncha ya kiatu inasaidia. Kumbe breki zilikuwa haziachii sawasawa. Kila alipoinua mguu, magurudumu yalibaki yameshikwa kidogo, yanasuguka, yanapata moto. Kibwana akasikia harufu ya kitu kinachoungua, akadhani ni mashamba. Kona ya nane mafuta ya breki yalikuwa yanachemka. Kona ya tisa Mbaruku akakanyaga, na mguu ukazama mpaka chini bila kukutana na kitu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Breki hakuna." Kushoto kulikuwa na mlima, kulia kulikuwa na bonde, na gari lilikuwa linaongeza mwendo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ugomvi ulipo.

Mwantumu, kule nyuma, aliona moshi ukitoka magurudumuni, akaelewa. Akaacha kuutazama moshi, akatazama mbali. Kona mbili chini yao, kati ya miti, aliona rangi ya manjano upana wa kanga: mchanga uliomwagwa na watengeneza barabara kwenye ukuta wa mlima. Mtu mwingine angepita hapo asiuone. Akapiga paa kwa kiganja. "Kaka, kona ya pili, mkono wa kushoto, kuna mchanga. Mwingi."

Mbaruku alikuwa kwenye gia ya tatu na mwendo umeshakuwa mkubwa. Ukitaka kushuka gia ya pili kwa mwendo ule katika gari la zamani, ukikosea kidogo gia inakataa, na gari linabaki halina gia wala breki. Akakanyaga klachi, akaachia, akaipa injini moto kidogo, akakanyaga tena, gia ikaingia bila kukwaruza. Injini ikanguruma ikalivuta gari nyuma. Kona ya kwanza ikapita, magurudumu ya kulia yakila changarawe za ukingoni.

Kibwana akashika breki ya mkono. Katika gari lile breki ya mkono ina njia yake, haitumii mafuta, kwa hiyo ilikuwa haijaungua. Lakini waya aliuunga mwenyewe na aliijua nguvu yake: ukiuvuta kwa hasira unakatika, ukiuvuta kwa woga haushiki. Akavuta kidogo, akalegeza, akavuta, akalegeza, akihesabu kwa midomo. Kiganja kilichubuka, hakuachia.

Gari likaingia kwenye mchanga, likapanda, likasimama limeinua pua. Pichesi zikamwagika barabarani zikaendelea na safari peke yake kuelekea Mombo.

Kisha mama, macho bado ameyafumba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Miaka thelathini na minne. Na nusura nifie hapa, karibu na kwangu."

Hapo Mbaruku akaweka paji la uso kwenye usukani akalia. Mimi simcheki, na nyinyi msimcheke.

Gari lilipopoa, Kibwana akafungua pampu, akatoa ile raba mpya. Ilikuwa imelainika na kunenepa, haitaki hata kusogea ndani ya pampu. Mwantumu akazichukua raba zote mbili, mpya na sampuli ya zamani, akapanda bodaboda mpaka Mombo kwa muuza spea mmoja mpole. Yule bwana aliziweka mezani, akazibonyeza kwa kidole moja baada ya nyingine.

"Dada," alisema, "hii sampuli yako yenyewe ilishavimba. Imekaa miaka mingi kwenye mafuta machafu. Umefananisha na mgonjwa. Na hii mpya si ya kuwekwa kwenye mafuta ya breki. Siku mbili tu humo ndani, na yenyewe imevimba juu ya unene iliokuja nao."

Mwantumu, ambaye aliuza spea miaka kumi na miwili, alisimama mbele ya kaunta ya mwenzake akaomba orijino kwa namba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizia spea kwa namba. Ilipoletwa ilikuwa ndogo kidogo kuliko sampuli, sawa na ile aliyoiacha rafuni kwake.

Aliporudi mlimani aliwaambia ukweli wote, hakuficha. Kibwana akaichukua raba, akaisogeza kwa vidole viwili, ikaingia yenyewe. Akabaki ameitazama. "Ile nyingine niliilazimisha," alisema. "Ilinikatalia, mimi nikaona ni ufundi kuilazimisha." Mbaruku akajaza mafuta mapya, akakanyaga, akaachia. Pedeli ikarudi bila msaada wa kiatu. "Ile nyingine ilikuwa hairudi," alisema. "Nilijua tangu Soni." Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, akawasikiliza wote watatu.

Wakalirudisha gari nyuma likatoka mchangani, wakaendelea. Walipita Mombo, wakashika barabara kuu, wakaingia barabara ya vumbi inayoelekea Gonja. Walipokaribia, mama akaanza kutaja vitu. Mfereji ule. Shule ile ilikuwa ya nyasi. Hapa palikuwa na mkwaju. Alivitaja polepole, na sauti yake ikawa ya mtu mdogo kuliko yeye.

Jua lilikuwa bado liko juu walipoingia uwanjani. Mzee Mrutu alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, macho yamefifia lakini rangi anaziona. Aliiona bluu. Akainuka kwa mkongojo, akakataa kushikwa, akaja mpaka kwenye gari. Kwanza aliliwekea gari mkono kwenye boneti. Akalipiga kofi dogo, kofi la mzee.

"Wewe ndiye uliyemchukua," akaliambia.

Nakijwa akashuka. Magoti yake mabovu, lakini alipiga magoti hapo hapo mavumbini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa, baba. Nisamehe."

"Tumechelewa wote," alisema mzee, na hapo ndipo alipokubali kushikwa.

Siku hiyo kulikuwa na furaha katika nyumba ile, sitaki kuwachosha. Babu alimtania Mwantumu, "Mke wangu, mbona umekuja mikono mitupu?" Mwantumu akamjibu kwamba zawadi zake zilitangulia Mombo kwa miguu. Mama aliingia jikoni, akapika makande, na Kibwana alikula sahani tatu, ameinamia sahani ili wasimwone uso.

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, ugomvi ukaamka.

"Mama," Mbaruku alianza, "ulisema atakayekufikisha. Usukani niliushika mimi toka Soni mpaka uwanja huu. Ile gia ya pili isingeingia, leo tusingekuwa na cha kuzungumza. Chumba kiko tayari, mama."

"Ungeshusha gia ukaelekea wapi, kaka?" Mwantumu alisema. "Mchanga uliuona wewe? Na raba iliyotuleta mpaka hapa ameifuata nani? Mama, mimi napika cha wawili kila siku. Kila siku."

"Na mchanga mngeufikia kwa mwendo gani?" alisema Kibwana, akafungua kiganja kilichochubuka. "Gari hili lilikuwa juu ya mawe miaka sita. Nani aliyeliamsha? Mimi sina chumba kizuri, mama. Ninachokosa ni mtu wa kuniambia nile."

Mama akawasikiliza. Kisha akauliza, taratibu: "Na raba mbovu, nayo iliwekwa na nani?"

Mmoja aliichagua, mmoja aliilazimisha, mmoja aliinyamazia. Na kila mmoja, ukiniuliza mimi, alikosea kwa sababu ya kile anachokiweza kuliko watu wote. Jicho la kawaida lingechukua yenye jina. Mkono wa kawaida ungeshindwa. Mguu wa kawaida ungelalamika. Halafu jicho lile lile, mkono ule ule na mguu ule ule ndivyo vilivyowaokoa. Basi ukisema aliyekosea asipewe, hapati mtu. Ukisema aliyeokoa apewe, wanapata wote.

Hapo ndipo Mzee Mrutu akakohoa.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Sasa na mimi nina dai langu."

Wakamgeukia.

"Mna vipaji, nimesikia. Mimi kipaji changu ni kimoja, kushikilia. Wenzangu wote niliotahiriwa nao wamekwenda. Mara mbili nimeugua mpaka wakaja kunisomea dua. Mara mbili nikawaambia ondokeni, kuna mtu namngoja. Nyinyi mmesafiri siku moja. Mimi nimeitazama barabara hii miaka saba. Kama ningekufa mwaka jana, mngemfikisha kwa nani? Mngelisimamisha gari uwanjani, mngeonyeshwa kaburi, mama yenu angelia, mngerudi. Huko kungekuwa kumfikisha?"

Mbaruku akasema kwa heshima, "Babu, usinielewe vibaya. Lakini wewe ndiye uliyetaka gari lile lile. Angekuja kwa basi miaka saba iliyopita."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Kweli," alisema. "Na mimi kosa langu limetoka pale pale penye kipaji changu. Nilishikilia mpaka nikajinyima mwanangu. Sasa niko sawa na nyinyi. Nimekosea kama mlivyokosea, na nimemleta kama mlivyomleta. Basi na abaki kwangu. Siku zangu si nyingi, mjukuu wangu. Zako bado ni nyingi."

"Na chumba je?" alisema Mbaruku, lakini alisema chini chini, si kwa babu yake.

Kule Same kijana mmoja alinikatiza hapa akasema, si mama agawe mwaka, miezi mitatu kwa kila mtu. Nami nilimjibu alivyojibu mama mwenyewe, maana Kibwana alilitaja hilo. "Mimi si shamba, mwanangu," mama alisema. "Nimehama mara moja tu maishani, na nililipa kwa miaka thelathini na minne. Nina nguvu ya kuhama mara moja zaidi. Nilitoa neno, nitakaa kwa aliyenifikisha. Niambieni ni nani, nikae."

Na dada mmoja wa Korogwe aliniuliza, moyo wake mwenyewe ulitaka wapi? Dada yule aliuliza vizuri. Mama aliulizwa hivyo hivyo na binti yake. Alijibu, "Nilipokuwa Soni nilimtamani baba. Sasa niko kwa baba, na tangu alfajiri nawatamani nyinyi, na hamjaondoka bado." Kisha akafunika uso kwa upindo wa kanga.

Hadithi yangu inasimama hapo, kwa sababu na wao walisimama hapo. Mbaruku ameshawasha gari, na breki ni nzima. Kibwana amefunga mizigo yote isipokuwa furushi la mama, hajui alifunge au aliache. Mwantumu ameshika mlango wa gari uko wazi. Mzee Mrutu ameshasema lake. Mama amesimama katikati ya uwanja, neno lake ni moja na waliomfikisha ni wanne.

Haya, mliokuwa mnanong'ona tangu mwanzo, pazeni sauti sasa. Mngemwambia mama abaki, au aingie garini? Na akiingia garini, ashushwe kwenye mlango wa nani?